Mkumbuke Aliyebaki na Majalada

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema hata mwaka haujaisha tangu uripoti hapo wizarani Mtumba, na tayari umeitwa mazoezini na timu ya wizara. Unauliza ukubali au uendelee na kazi zako. Kubali, mama.

Ofisini mtu utamjua kwa cheo chake na mlango anaoingilia. Kwenye kuvuta kamba wanashika watu nane, mkurugenzi na dereva bega kwa bega, na wote wanamsikiliza anayetoa amri. Mara nyingi huyo ni mtu ambaye kikaoni hapewi nafasi ya kusema. Mtazame vizuri. Siku utakapokwama na kazi, mfuate.

Ukicheza drafti au bao na bosi, mfunge kama unaweza. Usijifungishe; bosi mwenye akili atakushtukia. Kesho yake kikaoni mheshimu kama kawaida, na habari za jana ziishie huko huko.

Sasa nisikilize. Waliokwenda SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, Tanga mwaka 2022 na Iringa mwaka 2023 watakusimulia raha ya safari. Waulize na habari za aliyebaki. Timu ikiondoka, majalada hayaondoki, na mwananchi aliyetoka Kondoa kufuatilia barua yake anataka majibu, netiboli haimhusu. Basi kuna mmoja, labda mama mwenye mtoto mchanga au kijana asiyejua mchezo wowote, anabebeshwa meza tatu. Posho hana. Kombe likirudi, picha zinapigwa na hotuba zinatolewa, yeye hatajwi. Chuki nyingi nilizoziona maofisini zilianzia hapo, na wakubwa wakaziita wivu. Iliniuma kila nilipolisikia neno hilo, maana mtu yule alikuwa amechoka kwa haki.

Kabla hujasafiri, mkabidhi kazi kwa maandishi: jalada lipi limefikia wapi, linasubiri saini ya nani, linatakiwa lini. Mpigie simu ukiwa kambini. Ukirudi, mwache aende likizo wewe umshikie meza, tena ujitolee kabla hajaomba.

Vilevile, timu itakuwa na kundi lake la WhatsApp. Utashangaa: nafasi za mafunzo na semina husikika humo kabla ya kufika kwenye ubao wa matangazo. Ukiziona, wapelekee wasiomo siku hiyo hiyo.

Na mamluki, mama, wakatae waziwazi. Katika ofisi moja niliyotumikia, aliletwa mshambuliaji wa mtaani akavalishwa jezi yetu, na mhudumu aliyekuja mazoezini kila jioni akaachwa nje. Tulishinda. Mhudumu yule hakukanyaga tena uwanjani, na wala sikumwona tena akicheka na wenzake wakati wa chai. Mtu asiye mtumishi akiletwa kwenu, mwambie katibu wa timu mapema, kwa adabu, kabla majina hayajapelekwa. Hata kama mtatolewa kwa mivuto 2-0, mtolewe mkiwa ninyi.

Ratiba ikitoka, nijulishe mmepangwa na nani. Kituo cha mashindano kikiwa Morogoro, nitakuja kukushangilia.

Akupendaye,
Mjomba wako