Kasoro ya Gari na Dhamiri ya Muuzaji



Wapendwa wanaparokia, nanyi ndugu wasomaji mnaotufuatilia kutoka mbali, juma hili naomba tuyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya gari. Najua wapo watakaoguna, lakini swali nililoulizwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika parokia yetu limenikalia moyoni kwa siku kadhaa, nami nadhani linamhusu kila mmoja wenu aliyewahi kununua au kuuza gari lililotumika. Swali lenyewe ni fupi: "Padre, nikimwuzia mtu gari langu, nalazimika kumwambia kwamba linachemsha?" Hakuniuliza katika kitubio, na ameniruhusu niieleze habari yake hapa pasipo kutaja jina.

Gari lenyewe ni dogo, la milango minne, la buti pana, la kubeba baba, mama na watoto watatu. Aina yake sitaitaja, kwa sababu kiwanda kilicholiunda hakina hatia katika jambo hili. Liliundwa Japani, likatumika huko miaka mingi kabla ya kupakiwa melini kuja Dar es Salaam. Wajapani hawayauzi magari yao kwa kuyachoka tu. Sheria yao humtaka mwenye gari jipya la binafsi alipeleke kukaguliwa likifikisha miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo humfanya mtu mwenye gari la makamo aone nafuu kuliuza na kuchukua jingine. Na kwa kuwa wao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wa gari lao hukaa upande uleule tunaoutaka. Ndiyo maana barabara zetu, toka Manyoni mpaka Shelui, zimejaa magari ambayo bado yana maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi.

Gari likifika nchini hupewa namba, na kwetu namba imekuwa kama cheti cha ubatizo. Utasikia mtu akijisifu kwamba lake ni "namba D", mwingine akilikataa la mwenzake kwa kuwa ni "namba B". Herufi ile hutuambia ni lini gari liliandikishwa Tanzania. Haituambii liliundwa lini, wala limepita mikononi mwa watu wangapi. La Mwalimu ni namba C. Alipoanza kuulizia baada ya kuteseka nalo, aligundua kwamba yeye ni mmiliki wa 4, na kwamba wote waliomtangulia walikuwa watu wa mkoa huuhuu wa Singida. Mfanyakazi mmoja wa mjini alilinunua kutoka Dar es Salaam. Akamwuzia mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, naye akamwuzia mstaafu mmoja, na mstaafu, kwa njia ya dalali, akamwuzia Mwalimu.

Naye Mwalimu, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, akawatafuta mmoja mmoja. Wa kwanza alikiri kwamba gari lilianza kuchemsha mwaka wa pili tu, fundi akamshauri atoe thamostati, dawa inayopendwa sana katika gereji zetu ingawa haitibu kitu. Wa pili alimimina kwenye rejeta dawa ya kuziba matundu, akaendelea kupakia madumu ya mafuta mpaka buti ikagusa barabara. Mstaafu alikataa kusema lolote. Alilosema ni kwamba yeye aliliuza gari "likiwa linatembea", na neno hilo lilikuwa kweli tupu.

Hapa inafaa tuelewe ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa hatutaona uzito wa swali. Injini hupozwa na maji yanayozunguka kutoka kwenye rejeta. Kwetu huku, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, mtu asiyetaka kununua kulanti hujaza maji ya kisimani, na chumvi ile hugandamana ndani ya vijibomba vya rejeta kama inavyogandamana ndani ya birika la chai. Maji yakikosa njia, injini hupata joto kupita kiasi; ikipata joto mara nyingi, hedi hupinda; hedi ikipinda, gasketi haizibi tena sawasawa, na moto wa silinda huanza kupenya kwenye njia za maji. Lakini angalieni jambo hili: gari la namna hiyo likiendeshwa polepole mahali tambarare, likiwa na mtu mmoja ndani, laweza kwenda juma zima bila kuonyesha dalili yoyote. Ugonjwa hujitokeza likipakiwa na kupandishwa mlima. Mnunuzi huletewa gari asubuhi, injini ikiwa baridi, akalijaribu kutoka stendi ya mjini Singida mpaka kandokando ya Ziwa Singidani na kurudi. Hapo hakuna mlima. Kinachobaki ni neno la muuzaji, na neno la muuzaji ninyi mnalijua kwa moyo: injini haijaguswa, kadi ipo mkononi, kiyoyozi kinafanya kazi, limetumika kwenda kazini na kurudi tu, bei ni maelewano.

Mimi mwenyewe nimelipanda gari hilo. Mwaka jana nilikuwa nimekwenda kuadhimisha Misa katika kigango kimoja upande wa Shelui, chini ya mlima Sekenke, na gari la parokia lilikuwa limekwenda kubeba saruji. Jioni ikaja simu kwamba mzee wetu mmoja huku juu alikuwa anakaribia kukata roho na anaomba Mpako. Mwalimu, aliyekuwapo pamoja na wanakwaya wanne, akasema, "Twendeni, Padre." Wale wanaoufahamu mlima Sekenke wanajua jinsi barabara inavyopanda kutoka bonde la Wembere, hata malori yenye nguvu huukwea kwa kunung'unika. Katikati ya mlima mshale wa joto ukafika mwisho, moshi mweupe ukatoka chini ya boneti, na Mwalimu akaegesha pembeni pasipo kusema neno. Wanakwaya wakashuka wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mmoja alitaka kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo, nami nikamzuia kwa sauti ambayo si ya kipadre, maana maji yale yanayochemka yamewaunguza wengi nyuso.

Niliomba lifti kwenye lori lililokuwa likipanda taratibu, limesheheni dagaa wa Mwanza. Nikafika kwa mzee saa nne usiku, nikinuka dagaa, na mafuta matakatifu mfukoni. Alikuwa na akili zake timamu. Akapokea Mpako, akatabasamu, akauliza harufu ile ni ya nini. Alifariki kabla ya alfajiri. Tangu siku ile, kila nilipoliona gari lile uwanjani pa kanisa, niliwaza zile saa chache, na jinsi lori lile lingeweza kutokupita.

Basi turudi kwenye swali. Si swali jipya, wala Mwalimu si wa kwanza kuliuliza. Marcus Tullius Cicero, Mroma aliyeandika kitabu chake juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes na Antipater. Mtu anauza nyumba isiyofaa kwa afya, nyumba ambayo nyoka huonekana katika vyumba vyote vya kulala, na hakuna ajuaye isipokuwa yeye. Diogenes alidai kwamba muuzaji anabanwa na kile tu ambacho sheria inamtaka akitaje, asidanganye, yatosha. Antipater alisema kwamba kumwacha mwenzako aingie gizani huku wewe una taa ni kosa. Cicero alisimama upande wa Antipater.

Miaka ipatayo 1,300 baadaye, Mtakatifu Thomas wa Akwino aliligusa jambo hilohilo katika Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77. Sisi tuliopita seminarini tuliisoma sehemu hiyo haraka haraka, tukiwaza mtihani. Siku hizi naiona kama iliandikwa kwa ajili ya madalali wa magari. Thomas anatofautisha kasoro iliyo wazi na kasoro iliyofichika. Farasi mwenye jicho moja, asema, kila mtu anamwona. Muuzaji akipunguza bei ipasavyo, halazimiki kupiga mbiu. Bali mwenye kumwuza farasi anayechechemea kana kwamba ni wa mbio, au nyumba inayokaribia kuanguka kana kwamba ni imara, huyo, iwapo kasoro haionekani naye akainyamazia, ametenda hila, na anawajibika kufidia hasara. Rangi iliyobabuka na kioo chenye ufa ni jicho moja la farasi. Gasketi iliyoungua ni mguu unaochechemea ambao mnunuzi atauona akiwa Sekenke.

Sheria yetu ya nchi, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa sehemu kubwa humwachia mnunuzi jukumu la kufumbua macho yake, ingawa inaweka vighairi kadhaa. Silaumu sheria, haiwezi kukaa kwenye kila kiti cha dereva. Lakini dhamiri haiishii pale sheria inapoishia.

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya wacha Mungu tu, na kwamba soko lina kanuni zake. Kwa hao ninaye shahidi mwingine. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi juu ya magari yaliyotumika, ambayo majarida matatu yalikuwa yameikataa kabla haijapata pa kutokea. Wamarekani huliita gari bovu "limau". Hoja yake ni hii: wanunuzi wakishindwa kutofautisha gari zima na limau, watakubali kulipa bei ya katikati tu, mwenye gari zima ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni, watabaki wenye malimau, na bei itashuka tena. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Mimi sihitaji kwenda Marekani kuyaona hayo. Kuna muuguzi mmoja hapa mwenye gari lililotunzwa kama mtoto mchanga, mwenye risiti za kila oili aliyobadilisha, na kwa miezi 7 hakupata mtu wa kumpa bei ya haki, kwa sababu kila muuzaji mkoani husema kwamba injini haijaguswa. Uongo wa wenzake ndio uliomtoza yeye.

Nilimsomea Mwalimu habari ya farasi. Akanisikiliza, kisha akasema, "Padre, huyo mtakatifu hakuwa na makato ya SACCOS." Nami sikucheka. Alinunua gari kwa shilingi 8,500,000, na kati ya hizo 7,000,000 zilikuwa mkopo wa miaka 3. Matengenezo yamemmeza 1,400,000. Akinyamaza, atapata walau milioni 8, akisema, hajui. "Mimi niliibiwa," akasema, "mbona ni mimi tu nitakayelipa?" Ndugu zangu, sikuwa na jibu jepesi, na namwonea mashaka padre aliye nalo. Nilimwambia jambo moja tu: anayemdai si huyu atakayekuja kununua. Anayemdai ni yule aliyemwuzia. Huyu wa tano hajamkosea kitu, na huenda naye ana watoto watatu na mlima wa kupanda.

Akasema kweli. Mnunuzi wa kwanza alimshukuru, akaondoka, hakurudi. Wa pili hakuamini. Alidhani kuna kasoro kubwa zaidi inayofichwa nyuma ya hiyo iliyotajwa, maana muuzaji anayetaja ubaya wa mali yake ni kitu kigeni. Wa tatu alikuwa fundi kutoka upande wa Ikungi. Akafungua, akachungulia, akalipa shilingi 5,200,000, akachukua gari kwenda kulitoa hedi ikasawazishwe kwa mashine na kubadilisha rejeta. Nasikia juzi lilipanda Sekenke likiwa na abiria watano.

Mwalimu sasa anatembea kwa miguu kwenda shuleni, na makato ya mshahara yamebaki miezi 11. Haki yataka tuhesabu kwamba alilitumia gari miaka 2, na kwamba gari lolote hupungua thamani. Lakini fundi aliyelinunua anasema kwamba siku Mwalimu alipolichukua, likiwa na ugonjwa ule, halikustahili zaidi ya milioni 6. Hapo kuna 2,500,000 zilizolipwa kwa kitu ambacho hakikuwapo, na zile 1,400,000 za gereji.

Mstaafu aliyemwuzia yu hai, ana afya, na husali katika mojawapo ya makanisa ya mkoa huu. Mwalimu hajaenda polisi wala mahakamani, na ameniambia hana nia hiyo. Namba yake ya simu ni ileile iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu.