Samaki Aliyeitwa Wokovu



Iko samaki mmoja mdogo katika bahari ya Pasifiki, upande wa Kanada na Marekani. Anaitwa yulakoni. Urefu wake ni kama sentimeta 20 tu, lakini ana mafuta mengi sana. Ukimkausha na kumtia utambi, anawaka. Ndiyo maana Wazungu walimwita samaki wa mshumaa.

Lakini wenyeji wa pwani ile, kama Wanisga'a wa mto Nass, wana jina lingine: samaki wa wokovu. Kwa nini? Kule baridi ni kali. Zamani, mwisho wa majira ya baridi, akiba ya chakula ilikuwa karibu kwisha. Ndipo huyu mdogo alipoacha bahari na kupanda mtoni, wa kwanza kabisa kati ya samaki wa mwaka. Watu walikula, wakatoa mafuta, wakayabeba mpaka ngambo ya milima kufanya biashara.

Siku hizi wamepungua sana. Mwaka 2010 Serikali ya Marekani iliwaandika kati ya samaki walio hatarini. Katika mito mingine watu wanangoja, lakini samaki ni wachache mno. Jina limebaki, samaki haji.

Ndugu msomaji, neno hili lilinichoma. Mwaka mmoja mishahara ilikawia miezi mingi kambini kwetu. Nikaenda kutembelea mama mmoja mjane. Nikasoma Neno, nikaomba kwa sauti kubwa, nikaaga. Mtoto wake akanisindikiza mpaka njiani, akaniuliza:

— Papa Mchungaji, mu mufuko yako muko nini?

Nikajibu: — Biblia.

Akanyamaza. Na nyumbani kwangu kulikuwa na nusu gunia la unga! Kesho yake nilirudi na unga, lakini usiku ule walikuwa wamelala bila bukari.

Mwokozi ni mmoja tu, Yesu. Sisi tunabeba jina lake. Yule samaki hakupewa jina kwa sababu ni mkubwa, hapana. Alilipata kwa sababu alifika wakati akiba imekwisha.

Wewe kijana, wewe mama, wewe papa: jirani yako amekwisha unga leo. Atakuita nani?