Barua kutoka Uingereza: Sonona Nayo Ipelekewe Machungwa

Nchini Uingereza mfanyakazi mwenye sonona huandikiwa na daktari cheti kile kile anachoandikiwa aliyevunjika mguu. Siku 7 za kwanza hujieleza mwenyewe kwa mwajiri. Zikizidi, cheti hutakiwa. Humo daktari anaweza kushauri mgonjwa arudi kidogo kidogo, na jina lake likaonekana kwenye ratiba ya zamu kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana tu. Sonona ya muda mrefu inayomzuia mtu shughuli za kila siku huhesabiwa kuwa ulemavu chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, na mwajiri analazimika kumpunguzia vikwazo kazini. Si kwamba Waingereza wana huruma kuliko watu wa nyumbani: malipo ya ugonjwa ya kisheria ni madogo, na mgonjwa anaweza kulala mwezi mzima asigongewe mlango.

Ya nyumbani ndiyo yanayouma. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Hata hivyo mwenye sonona huomba ruhusa kwa kisingizio cha malaria, maana akiitaja sonona tu, kabla ya chai ya saa 4 ameshaitwa "wa Mirembe", yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliyevunjika mguu hupitishiwa mchango, na gari la ofisi hujaa watu na machungwa kwenda kumpa pole. Wenye moyo huo wanakosaje pole ya sonona?

Anayetaka kumsaidia mwenzake humwita pembeni, akaanza na alichokiona: "Siku hizi huli mchana, na jana ulikaa na faili moja tangu asubuhi. Kuna nini?" Kisha hunyamaza asikilize. "Jikaze" na "mbona una kila kitu" huufunga mdomo wa mgonjwa. Kumsindikiza kliniki na kumshikia zamu siku hiyo kunafaa zaidi, na siri yake haiendi kwenye kundi la WhatsApp. Akigusia kufa, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akirudi kazini, asalimiwe kama juzi na apewe kazi anayoiweza, hata ikiwa ni nusu ya ile ya zamani.