Rimu ya Basotu

Ukitoka Katesh kwenda Basotu, Mlima Hanang unabaki nyuma na mashamba ya ngano yanatanda mbele. Kwenye shamba moja hakuna mashine ya alama za vidole. Msimamizi anagonga rimu ya trekta iliyoning'inia mtini: saa moja kazini, saa sita chakula, saa saba kazini tena.

Saa nne nilimkuta mama, kanga imelowa maziwa, mwanawe analia kivulini kwa dada yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Nilimwambia.

"Dada, rimu haijagongwa," alinijibu.

Akina mama, haki hiyo haisubiri rimu.