Jabali la Pomonda na Kizazi Chetu

Sisi tuliozaliwa Rujewa, Usangu, kabla ya Uhuru, pwani yetu ilikuwa Ziwa Nyasa. Tuliliendea kwa lori hadi Kyela, tukapanda meli Itungi kuelekea Mbamba Bay, tukilala juu ya magunia na kustahimili mawimbi ya upepo wa kusini. Urefu wa safari ulitufunza kuuliza. Meli ikikaribia Liuli, majabali yakianza kuonekana, hakukosekana mzee wa kutusimulia habari za Pomonda, jiwe ambalo pango lake, kwa masimulizi ya wenyeji, liliwasitiri watu nyakati za vita.

Wajerumani waliona katika majabali ya Liuli umbo la Sphinx, sanamu ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Hapo, Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliishambulia kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Wissmann, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vya Waingereza na Wajerumani vimeanza. Alimwendea Rhoades, rafiki yake wa siku nyingi, kwa mashua akimfokea, akatiwa mbaroni. Wazungu waliligeuza tukio hilo kuwa kichekesho. Kwa baba zetu halikuchekesha: vita hivyo vilipopanda nyanda za juu, wanaume walikamatwa kubeba mizigo ya majeshi, maghala yakakombwa, na wengi hawakurudi. Waliorudi hawakusema mengi. Walishika jembe, wakatulea, na kwao tulijifunza kwamba mtu aliyeonewa aweza kuishi bila kuinama.

Leo lami imefika Mbamba Bay, na kijana humwonyesha mwenzake Pomonda kwenye simu. Hatuwaonei kijicho, wajukuu zetu. Barabara hizo ndizo tulizozitamani tulipokwama matopeni, na baadhi yetu tulizitolea jasho. Ila mwendo wa haraka haumpi mzee nafasi ya kusimulia, wala picha ya jiwe haisemi nani alijificha ndani yake. Rhoades na Berndt wamo vitabuni. Waliokimbilia Pomonda, na wapagazi waliotoka Usangu, wamo vinywani mwa wazee ambao idadi yao yapungua. Sisi tulitimiza wajibu wa kusikiliza, kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na kalamu. Ninyi mnayo. Njoni mketi, mtuulize, mwandike majina hayo tungali na sauti ya kuwajibu.