Siku Moja Longonot na Naivasha

Msomaji aliyepata kupita barabara ya Mai Mahiu bila shaka amekwisha kuuona mlima Longonot, kwa maana husimama peke yake katika Bonde la Ufa kama chungu kilichofudikizwa kisha kikapasuka kitako. Wengi huutazama dirishani wakapita. Jumamosi moja sisi watu wanane tuliazimia kuupanda, na alasiri tutembee kwa mashua katika ziwa Naivasha.

Tulifika langoni mwa hifadhi saa mbili kasorobo asubuhi, tukamkuta kiongozi wetu wa siku ile, kijana wa Kimasai mwenye adabu na maneno machache. Miongoni mwetu alikuwamo karani mmoja mstaafu, naye hakuja kwa matembezi tu. Mfukoni alikuwa na ramani ya kiwanja alichotaka kuuziwa kando ya ziwa, akataka kukitazama toka juu kabla ya kutoa fedha yake ya kiinua mgongo.

Njia ya kufika ukingoni ni kilomita tatu hivi, lakini ni kilomita za kupanda. Udongo wake ni majivu yaliyotapikwa na mlima zamani. Mvua huyachimba makorongo, na vumbi lake huingia hata ndani ya soksi.

"Pole pole, Mzee," akasema kiongozi.

"Tangulia, mwanangu. Mimi nafuata kwa hesabu yangu."

Kwa hesabu yake hiyo akafika, tena mbele ya vijana wawili. Chini yetu palikuwa na shimo kubwa, yaani kasoko, na ndani yake umeota msitu mzima. Hapa na pale mvuke wafuka kutoka kutani. Kiongozi alitueleza kwamba jina Longonot latokana na neno la Kimasai Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na kwamba yadhaniwa ulilipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Wanne wetu walikwenda kuuzunguka ukingo, mwendo wa kilomita saba hivi, wapite na kileleni penye mita 2,776. Mimi nakiri nilibaki, wala si kwa ajili ya kumtunza Mzee tu.

Toka hapo ziwa lote laonekana. Mito Malewa na Gilgil huingia humo, wala hakuna mto utokao. Walakini maji yake ni matamu, hali Elmenteita na Nakuru ni ya chumvi. Sababu ni kwamba maji ya Naivasha hupenya chini ya ardhi yakaenda zake, yakichukua chumvi pamoja nayo.

Mzee akaifungua ramani. "Kiwanja changu ki wapi?"

Kijana aliitazama sana. "Mzee, kutoka hapa pwani yote yafanana. Ngoja tufike majini."

Alasiri tulipanda mashua. Furukombe alilia juu yetu, na viboko walituchungulia kwa masikio na macho. Lakini kilichotunyamazisha ni migunga: miti mikubwa, mikavu, ya kijivu, imesimama ndani ya maji, na ndege wamejenga matawini.

"Mgunga hauoti ziwani," akasema nahodha. "Hapa palikuwa nchi kavu." Akatueleza jinsi maji yalivyopanda mwaka 2020, yakawatoa watu wengi katika nyumba zao mtaani Kihoto. Kiongozi akaongeza kwamba mwaka 2009 mambo yalikuwa kinyume: ziwa lilirudi nyuma sana, pakabaki uwanda mkavu. Basi mtu aliyenunua shamba mwaka ule hakuonyeshwa uongo. Alionyeshwa ardhi ya kweli, ila ziwa lilikuwa halijarudi.

Mzee alimpa nahodha ile ramani. Tulikwenda kitambo kidogo, injini ikazimwa karibu na nguzo za ua zilizochomoza majini vichwa tu. Kadiri ya ramani ile, ndipo hapo.

"Nipe kasia," Mzee akasema.

Akalichomeka hata likagusa matope, akalitoa, akaipima sehemu iliyolowa kwa kiganja. Ilikuwa shibiri tano. Akaandika hesabu hiyo nyuma ya ramani kwa kalamu yake ya risasi, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Turudini," akasema. "Jua linakuchwa."