Ukingoni mwa Ngurdoto

Nilizaliwa mjini Arusha, nikautazama Mlima Meru, unaopita mita 4,500, kila asubuhi. Lakini msitu wake sikuuingia mpaka utu uzima. Siku hiyo niliongozwa na askari mwenye bunduki, maana nyati hana mzaha. Mbega waliruka juu yetu, mikia yao myeupe ikipepea. Nikakumbuka vazi la ngozi ya mbega, fahari ya marehemu babu yangu.

Tulipofika ukingo wa kasoko ya Ngurdoto, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960, niliomba kushuka. Askari akakataa: chini kule mgeni hakanyagi. Nilinuna, kisha nikaona haya. Babu alipenda kwa kuchukua; mimi nilitaka kupenda kwa kukanyaga. Kumbe yapo mapenzi ambayo adabu yake ni kusimama mbali.